Kumbukumbu Inapogeuka Ushahidi: Mfano wa Souleymane Guengueng wa Chad

Mtahiniwa, maswali ya haki za binadamu mara nyingi hukutaka utoe mfano. Wengi huandika tu kwamba "haki zilivunjwa" na kuishia hapo. Mfano kamili hujibu maswali matatu.

1. Nani alivunja haki?
Hissène Habré alitawala Chad kimabavu kuanzia 1982 hadi 1990. Polisi wake wa siri, DDS, waliwakamata watu bila kuwafikisha mahakamani, wakawatesa na kuwaua. Mwaka 1992 tume ya uchunguzi ya Chad ilikadiria kuwa watu wapatao 40,000 waliuawa.

2. Nani alidai haki?
Guengueng alikuwa mhasibu. Alikamatwa 1988 akafungwa zaidi ya miaka miwili bila kushtakiwa. Akiwaona wafungwa wenzake wakifa, aliapa kwamba akitoka hai atadai haki. Aliachiwa Desemba 1990, Habré alipopinduliwa na kukimbilia Senegal.

3. Aliidai kwa njia gani?
Hakulipiza kisasi. Aliwafuata walionusurika na wajane, na pamoja na wenzake akakusanya maelezo ya wahanga 792. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari, kwani baadhi ya maofisa wa DDS walibaki madarakani. Alipotishwa, alizificha karatasi hizo nyumbani kwake kwa miaka kadhaa. Mwaka 2000 wahanga walifungua mashtaka nchini Senegal. Baadaye Senegal na Umoja wa Afrika waliunda mahakama maalumu mjini Dakar. Tarehe 30 Mei 2016 ilimhukumu Habré kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu, uhalifu wa kivita na utesaji.

Hoja ya kukumbuka
Simulizi ya mtu mmoja ni rahisi kukanushwa. Maelezo ya mamia ya watu, yakiandikwa na kutunzwa, huwa ushahidi ambao mahakama haiwezi kuupuuza.

Usiishie kwenye ushindi
Taja pia upungufu: hukumu ilikuja zaidi ya miaka 25 baada ya utawala huo kuanguka, wahanga wengi wakiwa wamekwisha kufa, na malipo ya fidia yalichelewa hata baada ya hukumu. Jibu linaloonyesha pande zote mbili hupata alama zaidi.

Zoezi
Kwa kutumia mfano huu, eleza kwa nini utunzaji wa kumbukumbu ni sehemu ya kutetea haki za binadamu. Toa hoja nne.