Risiti ya duka haihalalishi bangi

 

Ijumaa moja baada ya sala, mzee mmoja wa Mtoni alinisubiri nje ya msikiti hadi watu wakapungua. Kijana wake anaishi Toronto, Canada. Kwa muda mrefu mzee alishuku kuwa kijana anavuta bangi, na alipomuuliza kwa simu hakukana. Alijibu kwa adabu: "Baba, siku hizi sinunui kwa wahuni. Nanunua dukani, napewa risiti, na serikali yenyewe ndiyo iliyoruhusu."

Mzee akaniuliza: "Sheikh, nimjibu nini? Miaka yote nilikuwa nikimwambia atafungwa. Sasa hafungwi."

Ndugu Waislamu, swali hili ni la familia nyingi za visiwani zenye watoto ng'ambo. Canada iliruhusu bangi tarehe 17 Oktoba 2018. Mtu mzima anaweza kubeba hadi gramu 30, na bidhaa ya dukani hupimwa, hufungwa na kuandikwa kiasi cha kilevi kilichomo. Ujerumani nayo iliruhusu kubeba gramu 25 kuanzia tarehe 1 Aprili 2024. Shabaha mojawapo ya serikali hizo ilikuwa kuwanyang'anya wahalifu biashara yao, si kuisifu bangi. Ndiyo maana pakiti za Canada hulazimishwa kubeba maonyo ya afya. Hata hivyo, wahalifu hawakuondoka mara moja: mwaka 2019 bangi ya dukani ilikuwa ghali karibu mara mbili ya ile ya vichochoroni, na wengi wakaendelea kununua huko.

Tuseme kweli: kijana hakukosea kila kitu. Kitu kilichopimwa kina hatari ndogo kuliko kisichojulikana kimechanganywa na nini. Lakini kupungua kwa madhara ni jambo moja, na uhalali mbele ya Mwenyezi Mungu ni jambo jingine.

Hukumu ya dini

Katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, Mwenyezi Mungu ameharamisha ulevi na kuonesha sababu yake: shetani huutumia kutia uadui baina ya watu na kuwazuia na sala. Mtume (SAW), katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, amekiingiza kila chenye kulewesha katika hukumu hiyo, kiwe kinanywewa au kinavutwa. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi hawakuliacha jambo hili wazi. Imam Nawawi ameieleza hashishi kuwa ni haramu, na Imam Zarkashi, aliyefariki mwaka 1392, aliandika risala nzima kuhusu uharamu wake. Walichotazama ni kile inachoifanyia akili, wala hawakuuliza imenunuliwa wapi.

Je, idhini ya serikali haibadili kitu? Bukhari na Muslim wamepokea kwa Bibi Ummu Salama (RA) kwamba Mtume (SAW) aliwatahadharisha wenye kudaiana: huenda mmoja wao akawa hodari wa hoja, akahukumiwa haki ya mwenzake, na hapo amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe kwa dhahiri ya ushahidi haikuihalalisha haramu, vipi leseni ya duka itaihalalisha?

Ama kati ya duka na kichochoro, tofauti ipo. Anayenunua kichochoroni huongeza makosa mengine: huvunja sheria ya nchi aliyoahidi kuitii, na hulisha magenge. Lakini kuchagua dhara jepesi ni kwa aliyelazimika. Kijana huyu ana mlango wa tatu, nao ni kuacha. Kama uraibu umemkamata, basi ni mgonjwa. Atafutiwe tiba na asitupwe.

Dawa ya kweli ina mlango wake. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa itokanayo na mmea huu kwa watoto wenye kifafa kikali. Dawa ya namna hiyo, kwa cheti cha daktari na kwa kipimo, haifanani na msokoto wa starehe.

Aidha, tuwatahadharishe wanaokuja likizo. Kule bangi huuzwa hata kwa sura ya peremende na biskuti, na watoto wamezila kwa kudhani ni tamutamu za kawaida. Sheria ya Canada yenyewe inakataza kuivusha mpaka. Hapa kwetu bangi bado ni kosa, na tangu sheria ya mwaka 2021 Zanzibar ina Mamlaka kamili ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Peremende moja ndani ya sanduku la zawadi inaweza kuitia msibani nyumba nzima.

Nilimwambia mzee: kosa letu wazazi ni kuwalea watoto kwa hofu ya polisi. Polisi wa Mtoni hayuko Toronto, lakini Mola wa Mtoni ndiye Mola wa Toronto. "Mpigie tena," nilimwambia, "usimtukane. Mwambie umeelewa kuwa hafungwi, kisha muulize anasali saa ngapi siku anapovuta."

Mwenyezi Mungu atulindie vizazi vyetu, walio karibu na walio mbali. Amin.