Wakati wa kusema ni kabla tingatinga halijafika

MKAZI wa mtaa tulivu jijini Nairobi huamka asubuhi moja na kukuta ploti ya jirani imezungushiwa mabati, bango la mwanakandarasi limesimikwa langoni na tingatinga linanguruma. Baada ya miezi kadhaa, jua la asubuhi halifiki tena dirishani mwake, maji ya mfereji huja kwa zamu nayo maji taka hufurika barabarani.

Aghalabu hapo ndipo malalamiko huanza. Hata hivyo, ikiwa jengo hilo limefuata sheria, uamuzi uliofungua njia ya kujengwa kwake haukufanywa siku tingatinga lilipofika. Ulifanywa zamani, pale kanuni za matumizi ya ardhi za eneo hilo zilipoandikwa, na huenda mkazi huyo hakujua kwamba maoni yake yalikuwa yakihitajika.

Kanuni hizo huligawa jiji katika maeneo na kueleza kila eneo litumike kwa shughuli gani: makao, biashara, viwanda, shule au bustani. Aidha, huamua ploti isipungue ukubwa gani, jengo lifike ghorofa ngapi na liache nafasi kiasi gani kati yake na barabara.

Mambo mawili ndiyo huzua ubishi mkubwa zaidi. La kwanza ni sehemu ya ploti inayoruhusiwa kufunikwa na jengo. La pili ni uwiano kati ya jumla ya sakafu za ghorofa zote na ukubwa wa ploti yenyewe. Yote mawili huandikwa kwa asilimia, na asiyeyaelewa anaweza kuhudhuria kikao cha maoni kutwa nzima bila kung'amua kinachojadiliwa.

Mathalani, chukua ploti ya mita mraba 2,000, yaani takriban nusu ekari. Ikiwa uwiano unaoruhusiwa ni asilimia 75, sakafu zote kwa jumla hazipaswi kuzidi mita mraba 1,500. Bila kuhesabu ngazi na ujia, hapo patatoka nyumba 15 za mita mraba 100 kila moja.

Uwiano huo ukipandishwa hadi asilimia 300, sakafu zitafika mita mraba 6,000 na nyumba zitakuwa 60. Iwapo kila nyumba ina watu wanne, ploti ambayo ingebeba watu 60 sasa itabeba watu 240. Ilhali bomba la maji taka lililozikwa chini ya barabara ni lile lile, na barabara yenyewe haijapanuka hata kwa futi moja.

Hii haina maana kwamba majumba marefu ni maovu. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 jijini Nairobi. Ile ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073, ndani ya mipaka iliyowekwa mwaka 1963. Watu hao hawana budi kuishi mahali, na mtaa unaokataa ghorofa kabisa huwasukuma wengine hadi Kitengela au Juja, waje kazini kwa saa nyingi za msongamano na nauli isiyohimilika.

Kwa hivyo suala si kujenga au kutojenga. Suala ni nani anayeamua kiasi, na kama wanaobeba mzigo wa uamuzi huo walisikizwa kabla haujapitishwa.

Historia ya Nairobi haina mengi ya kujivunia katika hilo. Mpango mkuu wa mwaka 1948 uliandaliwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini, na uliichora Nairobi kama mji mkuu wa koloni. Mwafrika aliyejenga mji huo kwa mikono yake hakuwa na sauti katika kuuchora.

Baada ya uhuru kulitolewa mkakati wa ukuaji wa jiji wa mwaka 1973, uliokusudiwa kutumika hadi 2000. Baadaye, mwongozo wa 2004 ukaligawa jiji katika maeneo yenye nambari. Kilimani na Kileleshwa ziliwekwa katika eneo la 4, ambako majumba ya kukodisha yaliruhusiwa kufika ghorofa nne pale penye mabomba ya maji taka. Leo hii mpita njia katika mitaa hiyo hahitaji kuambiwa kwamba hesabu hiyo ilikwisha kupitwa.

Mpango mkuu wa kipindi cha 2014 hadi 2030 uliandaliwa kwa msaada wa shirika la maendeleo la Japan, JICA. Kisha ikaja rasimu ya sera ya udhibiti wa ujenzi ya mwaka 2021, ambayo ingeruhusu majengo marefu zaidi katika mitaa mingi. Wakazi wa barabara ya Rhapta, Westlands, walikwenda mahakamani kupinga majumba marefu yaliyoidhinishwa karibu nao, na kufikia 2025 mgogoro huo ulikuwa umefika Mahakama ya Rufaa.

Kiini cha kesi kama hizo hakikomei kwenye idadi ya ghorofa. Ni iwapo kanuni inayotajwa kuhalalisha jengo ilipitishwa kwa utaratibu unaotakiwa, ukiwemo ule wa kuushirikisha umma. Kanuni isiyopita mlango huo humwacha kila mtu mashakani: mkazi hajui jirani atajenga nini, mstawishaji hajui kama kibali chake kitadumu, nayo benki haijui kama mkopo wake u salama.

Sheria yenyewe haina utata kuhusu ushirikishaji. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinautaja kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwezesha umma kushiriki katika shughuli zake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inasema waziwazi kwamba ushirikishaji wa umma katika mipango ya kaunti ni wa lazima.

Mahakama zimekwenda mbali zaidi kwa kueleza ushirikishaji wa kweli unafananaje. Mwaka 2014, Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Jaji alieleza kwamba kaunti inapaswa kuwafikia watu kwa kila njia iwezekanayo: makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza na kupitia redio, zikiwemo zinazotangaza kwa lugha za mama.

Mwaka 2019, katika kesi kuhusu kanuni za tumbaku, Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba ushirikishaji haupaswi kuwa wa kujipamba. Umma sharti upewe taarifa, nafasi na muda wa kutosha. Hata hivyo, mahakama hazijasema kwamba kila maoni lazima yakubaliwe. Kinachodaiwa ni kwamba yapokewe na yazingatiwe kwa dhati.

Kati ya maandishi hayo na hali halisi ndipo kasoro hujitokeza. Ilani huchapishwa kwa Kiingereza cha kitaalamu katika ukurasa ambao wengi huuruka. Kikao huitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, wakati fundi yuko mjengoni na mama mboga yuko kwenye kibanda chake. Ramani hutundikwa ukutani, lakini hakuna wa kuisoma kwa lugha inayoeleweka.

Matokeo yake ni kwamba wanaofika ni wale wale: vyama vya wakazi wenye mawakili, wastawishaji na wasanifu wao. Ilhali wengi wa wakazi wa Nairobi ni wapangaji. Hawana hatimiliki, na baadhi yao hudhani kwamba kwa sababu hiyo jambo haliwahusu. Kumbe wao ndio hupandishiwa kodi mtaa unapobadilishwa matumizi, na ndio hutakiwa kuhama nyumba inapobomolewa ili ghorofa lijengwe.

Kuna mfano unaoonyesha kwamba yawezekana kufanya vingine. Mnamo Agosti 2017, kaunti ya Nairobi ilitangaza mitaa ya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la kupangwa. Ni makao ya takriban familia 100,000, wengi wakiwa wapangaji wa vyumba vya mabati.

Huko hawakusubiriwa waje ukumbini. Chama cha Muungano wa Wanavijiji kilisaidia kuwapanga wakazi katika makundi madogo ya majirani, kila kundi likiteua wawakilishi. Wataalamu wa vyuo vikuu na mashirika waligawana kazi kulingana na mahitaji: nyumba, maji na usafi, afya, elimu, fedha, sheria za ardhi na mazingira.

Suala la barabara ndilo lililodhihirisha faida ya utaratibu huo. Kama vipimo vya kawaida vya upana vingefuatwa, vibanda vingi vingebomolewa na wenyewe wakabaki bila makao. Kwa kuwa wakazi walikuwemo kwenye mazungumzo tangu mwanzo, ilibainika kwamba vipimo hivyo vinahitaji kulegezwa ili njia ipatikane na watu wabaki. Mtaalamu aliyejifungia afisini angechora mistari iliyonyooka, bila kujua nani analala chini ya kila mstari.

Hata hivyo Mukuru pia inafunza mipaka ya mashauriano. Mwishoni mwa mwaka 2021, maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao wakati wa shughuli ya kufungua njia ya barabara. Mtu aweza kushauriwa juu ya mpango mmoja, kisha tingatinga likaja kwa amri ya mwingine. Mashauriano yasiyoambatana na ulinzi wa makao ni ahadi iliyoandikwa mchangani.

Mwananchi afanye nini basi? Kwanza, asisubiri kikao. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na rasimu ya kanuni pamoja na ramani zake ni habari za aina hiyo. Diwani wa wadi na afisi ya mipango ya kaunti ndio mahali pa kuanzia.

Pili, atoe maoni yake kwa maandishi na abaki na nakala iliyopigwa muhuri. Maneno ya kikaoni hupeperuka, lakini barua yaweza kufika mbele ya jaji. Maoni yenye nguvu hutaja ploti, barabara, asilimia inayopingwa na sababu yake. Kusema tu kwamba mtaa umeharibika hakumsaidii afisa wala hakimu.

Tatu, ajue saa inavyokwenda. Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, mwombaji wa kibali cha ujenzi asipojibiwa kwa maandishi katika siku 60, huchukuliwa kwamba amekubaliwa. Asiyeridhika na uamuzi wa kaunti kuhusu kibali ana siku 14 tu za kukata rufani kwa kamati ya kaunti inayosikiza rufani za mipango. Kutoka hapo, njia iliyobaki ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kaunti nayo ina wajibu wake. Itafsiri rasimu kwa Kiswahili, iitishe vikao jioni na wikendi, na baada ya kukusanya maoni itangaze ni yapi yamekubaliwa, yapi yamekataliwa na kwa nini. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi, na bila hiyo mkazi aliyefika leo hataona sababu ya kurudi kesho.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jiji linalopaa kwa ghorofa, ufa huo huonekana kwanza katika jedwali la tarakimu, miaka mingi kabla haujaonekana ukutani.