Kicheko cha Mwaka 2011 na Hesabu ya Mwaka 2025

Mnamo mwaka 2011, Elon Musk, mkurugenzi mkuu wa kampuni ya magari ya umeme ya Tesla, aliulizwa katika mahojiano ya televisheni kuhusu mshindani wake wa China aitwaye BYD. Jibu lake la kwanza lilikuwa kicheko. Kisha akamuuliza mwandishi aliyekuwa akimhoji iwapo amewahi kuliona gari lao. Wakati ule kicheko hicho hakikumshangaza mtu. BYD ilikuwa imeasisiwa mjini Shenzhen mwaka 1995 kwa kazi ya kutengeneza betri, na iliingia katika biashara ya magari mwaka 2003. Magari yake hayakuwa na sifa ya kutajwa mbele ya wakubwa.

Miaka 14 baadaye, vitabu vya hesabu vimefungwa. Katika mwaka 2025 BYD iliuza magari yanayotumia umeme pekee yapatayo milioni 2.26. Tesla iliwakabidhi wateja wake magari yapatayo milioni 1.64. Mwaka 2023 Tesla ilikuwa imefikia milioni 1.81, na mwaka 2024 ikashuka kidogo hadi milioni 1.79. Kwa hiyo imepungukiwa miaka miwili mfululizo, na taji la muuzaji mkubwa wa magari ya umeme duniani limehamia kwa yule aliyechekwa.

Tusije tukadhani kwamba walimwengu wameyachoka magari ya umeme. Mwaka 2024 yaliuzwa zaidi ya milioni 17 duniani, tukihesabu pamoja na yale ya kuchaji yenye injini ya petroli pia. Hiyo ni zaidi ya gari moja katika kila magari mapya matano. Soko linapanuka, na aliyekuwa kinara wake anapungua. Msiba wa namna hii haufanani na ule wa mfanyabiashara aliyekosa wateja kwa sababu mvua imenyesha. Wateja wapo, wanapita mlangoni pake, na wanaingia duka la jirani.

Kwa nini wanapita? Sababu ya kwanza ni ya sokoni. Kwa miaka mingi Tesla ilikuwa mfano hai wa methali yetu, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kampuni hiyo haikuwa na desturi ya kulipia matangazo. Gari lilijitangaza lenyewe barabarani, na Model Y ikawa gari lililouzwa kuliko yote duniani mwaka 2023. Lakini chema nacho huzeeka. Model 3 ilitoka mwaka 2017 na Model Y mwaka 2020, na kwa muda mrefu mteja hakuona sura mpya ya kumvuta isipokuwa Cybertruck, gari ghali lenye umbo lisilompendeza kila mtu.

Wakati huohuo washindani hawakulala. Volkswagen iliongeza magari ya umeme ya aina mbalimbali. Renault ikafufua jina lake la zamani la Renault 5 katika gari dogo la umeme. Xiaomi, iliyozoeleka kwa simu za mkononi, ikaingiza gari lake sokoni nchini China mwezi Machi 2024. BYD nayo, kwa kuwa inajitengenezea betri, ambazo ndizo sehemu kubwa ya gharama ya gari la umeme, iliweza kupeleka Ulaya mwaka 2025 gari dogo la bei ya takriban euro 23,000. Wakati huo Tesla ya bei ya chini kabisa nchini Ujerumani iligharimu karibu euro 40,000. Mwezi Aprili mwaka huo, kwa mara ya kwanza, BYD iliipita Tesla kwa mauzo ya magari ya umeme pekee barani Ulaya.

Sababu ya pili ni ulimi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wanunuzi wengi wa mwanzo wa Tesla walikuwa watu wanaojali mazingira, na gari hilo lilikuwa kwao tamko la msimamo. Mwaka 2024 Musk alitoa zaidi ya dola milioni 250 kusaidia kampeni ya Donald Trump, kisha mwanzoni mwa mwaka 2025 akasimamia mpango wa kubana matumizi ya serikali ya Marekani uliowaondoa maelfu ya watumishi wa umma kazini. Nchini Ujerumani alikiunga mkono hadharani chama cha AfD, ambacho ilani yake ya mwaka 2016 ilitamka kwamba Uislamu si sehemu ya Ujerumani. Januari 2025, mauzo ya Tesla nchini humo yalishuka kwa karibu asilimia 60 yakilinganishwa na Januari ya mwaka uliotangulia.

Insafu inatulazimu kupima sababu hizi mbili kwa mizani moja. Sehemu ya anguko la mwanzo wa mwaka 2025 ilitokana na viwanda vya Tesla kusimamisha mitambo ili kuibadili Model Y. Nchini Norwei, ambako karibu magari yote mapya ni ya umeme, Tesla iliongoza soko mwaka huohuo. Nchini China, ambako siasa za Ujerumani si hoja kwa mnunuzi, mauzo ya Tesla yalipungua pia. Kwa hiyo ghadhabu peke yake haikutosha kuiangusha, na ushindani ungeiuma hata kama mkubwa wake angekaa kimya. Tunavyoona sisi, ulimi ulimfanya mteja asite, na alipokuwa akisita akatupa macho kando, akaona kwamba bidhaa ya jirani ni nzuri na bei yake ni nafuu. Zamani angesamehe kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Sasa anapo.

Na hasara haikumwangukia mkubwa peke yake. Bado ni miongoni mwa matajiri wa kwanza duniani. Walioumia ni wenye magari waliobandika vibandiko vya kuwaeleza wapita njia kwamba walinunua kabla hawajaijua tabia ya mwenye kampuni, na waliotaka kuuza wakakuta bei imeporomoka. Mwezi Machi 2025 magari ya Tesla yalichomwa moto mjini Las Vegas, kitendo ambacho hakuna ghadhabu inayoweza kukihalalisha. Na katika kiwanda cha Grünheide karibu na Berlin, zaidi ya watu elfu 10 wanaamka kila siku kwenda kuunganisha magari. Hao hawakutoa hotuba yoyote, lakini riziki yao imefungwa kwenye jina ambalo mwingine analitumia apendavyo.

Hapa ndipo tunapoona somo la jambo hili. Jina la biashara ni amana ya watu wengi: aliyelianzisha, anayeifanyia kazi, aliyenunua akaliweka mlangoni pake kwa fahari. Anayelishika jina hilo hana haki ya kulitumia kama mali yake binafsi ya kugombania. Na dharau ina ndugu wawili: dharau kwa mshindani, ambayo humfanya mtu asijifunze kwa jirani yake, na dharau kwa mteja, ambayo humfanya aamini kwamba mteja hana mahali pengine.

Mwaka 2023, alipokumbushwa kicheko chake, Musk mwenyewe alikiri kwamba yalikuwa maneno ya miaka mingi iliyopita na kwamba magari ya BYD sasa yanashindana vikali. Alikiri kwa haki. Lakini mwenye duka lolote miongoni mwetu, awe anauza vitambaa au vipuri, na ajiulize leo ni jirani gani anayemcheka, na ni mteja gani anayeamini kwamba hatamkimbia.