Kupasuliwa Asubuhi, Kulala Nyumbani Jioni

Msomaji na awaze nyumba moja ya mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, saa kumi na moja alfajiri. Mwenye nyumba, fundi cherehani wa makamo, amekwisha kuoga na kuvaa nguo safi, kwa maana leo anakwenda hospitali kupasuliwa ngiri ambayo imemsumbua kwa muda wa miaka miwili. Ameambiwa kwamba atapasuliwa asubuhi, na mambo yakienda vema, jioni atalala kitandani mwake. Mkewe, aliyemtangulia jogoo kuamka, amekoroga uji wenye maziwa na sukari.

“Baba, kunywa japo kikombe kimoja. Mtu hakabili kisu kwa njaa.”

Fundi anasita, kisha anakipokea kikombe na kukimaliza. Uji huo umetolewa kwa mapenzi, na umepokewa kwa heshima. Hata hivyo, katika siku hiyo moja, kikombe hicho chaweza kuyahatarisha maisha yake kuliko kisu chenyewe anachokiogopa.

Wagonjwa wengi hudhani kwamba upasuaji usiomlaza mtu hospitali ni upasuaji mdogo, usiohitaji matayarisho. Dhana hiyo haina msingi. Mgonjwa alazwaye huwa chini ya macho ya wauguzi tangu usiku wa kuamkia siku ya kupasuliwa. Wao ndio wamzuiao asile, na wao ndio walitazamao jeraha lake baadaye. Mgonjwa alalaye kwake huwa amezihamishia kazi hizo kwa jamaa zake. Nyumba yake ndiyo wodi, na mkewe ndiye muuguzi.

Si jambo la jana

Utaratibu huu umedumu zaidi ya miaka mia moja. Mnamo mwaka 1909, daktari James Nicoll wa Glasgow, katika Uskochi, alitoa taarifa ya watoto 8,988 waliopasuliwa katika muda wa miaka kumi na kurudishwa makwao siku hiyo hiyo. Miongoni mwao walikuwamo wenye ngiri na waliozaliwa na midomo iliyopasuka. Nicoll alishikilia kwamba mtoto hutulia zaidi akiwa mikononi mwa mamaye kuliko katika wodi ya wageni. Siku hizi ngiri, busha, mtoto wa jicho na uvimbe mdogo wa chini ya ngozi ni baadhi ya maradhi yanayotibiwa kwa njia hiyo katika nchi nyingi.

Kwa nini tumbo liwe tupu

Mtu aliye macho, chakula kikimpanda kooni, hukohoa au hukimeza tena. Koo lake hulinda njia ya pumzi bila yeye mwenyewe kufikiri. Lakini mtu aliyelazwa kwa nusukaputi hupoteza ulinzi huo. Kilichomo tumboni chaweza kupanda polepole na kuteremkia mapafuni, naye hana habari. Vipande vya chakula huziba njia ya hewa, na maji makali ya tumboni huyaunguza mapafu.

Hatari hiyo ilielezwa waziwazi mwaka 1946 na daktari Curtis Mendelson wa New York. Alichunguza habari za uzazi 44,016, akakuta akina mama 66 ambao vitu vya tumboni viliwaingia mapafuni walipokuwa wamelazwa usingizi. Tangu wakati huo, swali la “umekula lini?” limekuwa miongoni mwa maswali makubwa ya mlango wa chumba cha upasuaji.

Kanuni zinazofuatwa na waganga wengi ni hizi: chakula chepesi kikome saa 6 kabla ya usingizi, na chakula kizito au chenye mafuta kikome saa 8 kabla. Maziwa ya ng’ombe na uji huhesabiwa kuwa chakula, wala si kinywaji. Mtoto anyonyaye huachishwa titi saa 4 kabla. Maji matupu huweza kuruhusiwa mpaka saa 2 kabla, iwapo hospitali imesema hivyo. Chai ya rangi isiyo na maziwa yaweza kuhesabiwa pamoja na maji, lakini chai ya maziwa haimo kabisa.

Kufunga kupita kiasi nako si ushujaa. Mtoto mchanga, mzee, na hasa mgonjwa wa kisukari, huweza kudhurika kwa kukaa na njaa na kiu tangu jana mchana. Yafaa mgonjwa aulize saa yenyewe ya kuacha kula na saa ya kuacha kunywa, kisha aandikiwe. Aangalie pia hesabu ya saa, kwani saa 8 ya karatasi ya hospitali, kwa hesabu ya Kizungu, ndiyo saa 2 asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili. Kosa dogo la hesabu huweza kuiharibu siku nzima.

Wako wasemao, “Mimi sitalazwa usingizi, nitachomwa sindano ya ganzi tu.” Hao nao wafuate agizo walilopewa, maana ganzi ya mgongoni huenda isishike vizuri, ikalazimu usingizi utumike.

Mambo yasiyofichwa

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Siku ya kuonana na daktari kabla ya upasuaji, mgonjwa na achukue dawa zake zote katika mfuko mmoja, azimwage mezani. Dawa za kuzuia damu isigande, na hata aspirini, huweza kuzidisha kutoka kwa damu. Dawa za kisukari huhitaji kupangwa upya siku ya kufunga. Dawa nyingi za shinikizo la damu huendelea kumezwa kwa funda dogo la maji, lakini ziko ambazo daktari huziahirisha. Mgonjwa asiache dawa wala kuimeza kwa shauri la jirani.

Mitishamba nayo itajwe bila ya aya. Baadhi yake huchezea damu, mapigo ya moyo au nguvu ya dawa ya usingizi. Kadhalika zitajwe pumu, kifafa, kikohozi kipya, homa, mimba, sigara na pombe, dawa iliyowahi kumwasha mwili au kumvimbisha uso, na habari ya ndugu wa damu aliyewahi kudhurika na nusukaputi. Daktari hakai pale kumhukumu mtu. Anatafuta njia ya kumwamsha salama.

Maandalizi ya nyumbani

Usiku wa kuamkia siku hiyo, au asubuhi yake, mgonjwa aoge mwili mzima kwa sabuni. Asijinyoe kwa wembe mahali patakapopasuliwa, kwa kuwa wembe huacha michubuko isiyoonekana ambamo vijidudu huingia. Ikilazimu nywele ziondolewe, hospitali itazipunguza kwa mashine. Rangi ya kucha ifutwe, na bibi aliyekusudia kupaka hina vidoleni angojee, maana kipimo kibanwacho kidoleni humulika ukucha ili kutambua hewa iliyomo katika damu. Pete, mikufu na herini zibaki nyumbani. Meno ya bandia yatajwe kwa muuguzi.

Jambo la mwisho la matayarisho ni mtu. Mgonjwa awe na mtu mzima wa kumpeleka, kumrudisha na kulala naye nyumba moja usiku ule. Hospitali nyingi hukataa kumpasua asiye na mtu huyo, na zina haki. Gari la kumrudisha lipangwe mapema. Pikipiki haimfai mtu aliyetoka katika usingizi wa dawa na mwenye jeraha bichi. Nyumbani kitanda kitandikwe karibu na choo, maji yachotwe, na kazi za mzigo zigawanywe kwa wengine.

Baada ya kurudi

Kwa muda wa saa 24 baada ya nusukaputi, mgonjwa asiendeshe chombo chochote, asipike motoni peke yake, asinywe pombe, wala asitie sahihi hati ya mauzo au ya deni. Ataonekana mzima, na atasema kwa sauti yake ya kila siku, lakini akili haijatulia sawasawa. Dawa za maumivu azimeze kwa saa zilizoandikwa, asingoje mpaka maumivu yamzidi.

Mlinzi wake ajue dalili za kumrudisha hospitali bila kungoja asubuhi: damu isiyokoma, homa, usaha, jeraha linalozidi kuvimba na kuuma, kutapika kusikokatika, pumzi nzito, au kushindwa kukojoa. Hiyo ya mwisho huwapata baadhi ya wanaume baada ya kupasuliwa ngiri, nao huona haya kuisema.

Kikombe cha uji

Na yule fundi wa Buyenzi? Muuguzi amemwuliza kama amekula chochote tangu usiku. Mbele yake ziko njia mbili. Akikana, atalazwa kitandani na uji tumboni, wala hakuna atakayejua mpaka utakapopanda. Akikiri, ataambiwa arudi siku nyingine. Atapoteza nauli na siku ya kazi, na mkewe atainama kwa fedheha.

Fundi anakohoa kidogo, kisha anasema, “Nimekunywa uji, saa kumi na moja.” Muuguzi hamkaripii. Anaandika siku nyingine, na safari hii anamwita mke naye asikilize saa zote moja baada ya nyingine.

Njiani kurudi, mke ananyamaza kwa kitambo, kisha anasema, “Laiti ningaliambiwa.” Katika neno hilo limo fundisho zima. Agizo la hospitali lisiishie katika sikio la mgonjwa peke yake, bali lifike kwa yule aamkaye alfajiri kuwasha moto.