Je, Wajua? Foleni yenye majibu mawili

Asha ni wa 12 kutoka mbele ya foleni na wa 18 kutoka nyuma. Foleni ina watu 29, si 30! Asha amehesabiwa mara mbili, hivyo jumlisha nafasi zote mbili kisha utoe 1.

Ugumu halisi wa maswali ya aina hii katika mitihani ya mchujo huja wanapotajwa watu wawili. Katika safu, Juma ni wa 10 kutoka kushoto, Neema wa 15 kutoka kulia, na kati yao wamo watu 4. Safu ina watu wangapi? Wengi hujibu 29 na kuendelea. Kumbe Neema anaweza kuwa kushoto kwa Juma, na hapo safu nzima ni watu 19 tu: 10 + 15 − 4 − 2. Chora mstari kwanza, ndipo uhesabu.