Herufi moja yaweza kupotosha chombo cha upimaji

SI kawaida tena kwa fundi wa maabara ya elektroniki kuzungusha vitufe siku nzima. Vyombo vya upimaji huamriwa na tarakilishi, mara nyingi kwa lugha ya SCPI, iliyozinduliwa mwaka wa 1990 juu ya kanuni za IEEE 488.2 za mwaka wa 1987.

Amri nyingi huwa na jina la jambo linalotakiwa, kisha kigezo, yaani thamani yake. Kigezo hicho sharti kiwe cha aina inayotarajiwa.

Aina ya kwanza ni nambari. "VOLT 5" huagiza volti 5. Nukta huonyesha desimali, lakini mkato hutenganisha vigezo. Anayeandika "FREQ 1,000", kama tulivyozoea katika hesabu za fedha, huwa ametuma vigezo viwili. Chombo kinachotarajia kimoja hukataa na kusajili kosa nambari -108.

Ya pili ni maneno teule, kama "EXT" katika "TRIG:SOUR EXT", inayoagiza chombo kisubiri ishara kutoka nje. Ya tatu ni ya kuwasha au kuzima: ON au OFF, 1 au 0. Hata hivyo, chombo kikiulizwa hali yake hujibu 1 au 0, wala si ON. Ya nne ni maandishi, ambayo hufungwa kwa alama za kunukuu.

Ya tano ni fungu la data. Katika "#15SALAM", 1 hueleza kuwa urefu umeandikwa kwa tarakimu moja, na 5 ni idadi ya baiti zinazofuata.

Kosa linalokataliwa halina madhara makubwa. La kuogopwa ni lile linalokubaliwa kimyakimya.

SCPI haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika vipimo. Kwa hivyo M ni mili, na mega huandikwa MA. Lakini kuna mambo mawili ya kipekee: MHZ ni megahezi, na MOHM ni megaomu.

Mhandisi anayetaka milihezi 10 akaandika "FREQ 10 mHz" atapata megahezi 10, mara bilioni moja ya alichokusudia. Ikiwa chombo kinaweza kufikia masafa hayo, hakitalalamika, na matokeo ya jaribio yatakuwa ya uongo.

Kinga ni rahisi: andika "FREQ 0.01" kwa hezi, uliza "FREQ?" ili kuthibitisha, kisha "SYST:ERR?" ili kujua makosa yaliyosajiliwa.