Kelele za Majirani Usiku: Sikio Huzoea, Moyo Hauzoei

Mhudumu wa afya anapomhoji mgonjwa wa shinikizo la juu la damu, humuuliza habari za dawa, chumvi, uzito na mazoezi. Akiongeza swali moja tu, "Usiku unalalaje?", mara nyingi husikia habari ambayo haimo kwenye kadi ya kliniki. Mgonjwa hueleza kwamba mpangaji wa chumba cha pili hufungulia muziki hadi usiku wa manane, au kwamba baa iliyo mkabala na nyumba haifungwi mpaka alfajiri, au kwamba uani kuna jenereta. Kisha humalizia kwa maneno haya: "Lakini nimeshazoea."

Makala haya yanahusu maneno hayo ya mwisho. Yanaeleza kwa nini mtu anaweza kuzoea kelele ilhali mwili wake haujazoea, ni wagonjwa gani wanaopaswa kuangaliwa zaidi, na ni hatua zipi anazoweza kuchukua mtu asiye na uwezo wa kuhama.

Kazi inayofanyika mtu akiwa amelala

Usingizi wa mtu mzima hupita katika mizunguko minne hadi sita kwa usiku mmoja, na kila mzunguko huchukua takriban dakika 90. Sehemu kubwa ya usingizi mzito, ambao ndani yake mwili hujijenga na kujikarabati, huja katika theluthi ya kwanza ya usiku. Usingizi wa ndoto, ambao una mchango katika kumbukumbu na katika utulivu wa hisia, hurefuka kuelekea asubuhi. Kwa mtu aliyelala saa 4 usiku, basi, muziki wa saa 5 humpunguzia usingizi mzito, na kelele za saa 10 alfajiri humpunguzia ndoto. Hasara hizo mbili si sawa, lakini zote ni hasara.

Moyo nao una zamu yake ya mapumziko. Kwa mtu mwenye afya, shinikizo la damu hushuka usiku kwa kati ya asilimia 10 na 20 likilinganishwa na la mchana. Mshuko huo ni ahueni kwa mishipa ya damu. Watu ambao shinikizo lao halishuki usiku wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi na maradhi ya moyo, hata kama vipimo vyao vya mchana vinaonekana kuwa vya wastani.

Sikio halina kope

Jicho lina kope za kulifunga, sikio halina. Sauti huendelea kufika kwenye ubongo usiku kucha, na ubongo uliolala huendelea kuzichambua. Ndiyo maana mama huweza kulala fofofo mvua ikipiga bati, lakini akaamka mara moja mtoto wake anapokohoa. Kinachoamsha si ukubwa wa sauti peke yake, bali pia maana yake na ughafla wake. Sauti ya mfululizo isiyobadilika, kama ya feni, husumbua kidogo kuliko vicheko, ugomvi au ngoma inayonyamaza na kuanza tena.

Ubongo unapoitafsiri sauti kuwa dalili ya hatari, huamuru mwili ujiandae. Homoni za adrenalini na kortisoli humiminwa kwenye damu, mapigo ya moyo huongezeka na mishipa hubana. Jambo la kuzingatia ni kwamba hayo yote yanaweza kutokea bila mtu kuamka na bila kukumbuka chochote asubuhi. Mtu anayeishi penye kelele kwa muda mrefu huamka mara chache zaidi kuliko mgeni wa eneo hilo; hapo ndipo anaposema amezoea. Hata hivyo, vipimo vilivyofanywa katika maabara za usingizi vimeonyesha kwamba mwitikio wa moyo hupungua kidogo sana, au haupungui kabisa. Kilichozoea ni fahamu.

Je, kelele kiasi gani ni nyingi? Sauti hupimwa kwa desibeli. Mnong'ono una takriban desibeli 30, na mazungumzo ya kawaida yana takriban 60. Kila zinapoongezeka desibeli 10, sikio huhisi kana kwamba sauti imekuwa maradufu. Katika mwongozo wake wa mwaka 1999, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kelele za mfululizo ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30, na sauti ya mara moja isizidi 45. Kwa kipimo hicho, hata watu wawili wanaozungumza kwa sauti ya kawaida chini ya dirisha lako wanatosha kuuharibu usingizi. Spika ya baa haihitaji maelezo.

Wanaoumia zaidi

Kila mtu hudhurika kwa kukosa usingizi, lakini wapo ambao kwao madhara huja haraka. Mtu mwenye kifafa anaweza kupata degedege baada ya usiku mmoja mbaya, ingawa dawa zake amezimeza ipasavyo. Mtu mwenye maradhi ya akili ya hisia kupanda na kushuka anaweza kuingia katika kipindi cha kupanda kupita kiasi. Kwa mwenye kisukari, usingizi mfupi huufanya mwili usiitikie vizuri insulini. Mtoto wa umri wa shule ya msingi huhitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Akizikosa, huenda mwalimu akamwona mzembe au mtukutu kumbe ana usingizi.

Kundi jingine husahaulika: wahudumu wa afya wenyewe. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku, usiku wake huanza saa 3 asubuhi, wakati majirani wanatwanga, wanafua na kusikiliza redio. Hawavunji taratibu yoyote, na pengine hawajui kwamba kuna mtu amelala. Yeye ndiye anayepaswa kuwaeleza ratiba yake mapema.

Kuzungumza na jirani

Njia ya kwanza ni mazungumzo, na mafanikio yake hutegemea sana wakati. Mtu anayetoka kitandani saa 8 usiku na kugonga ukuta au mlango huenda na moyo unaodunda na hasira iliyokwisha kuchemka. Anayemfuata huenda amelewa au ana wageni mbele yake na hataki kuaibika. Ni vema kungoja mchana. Piga hodi, salimu, uliza hali ya nyumbani, kisha eleza shida yako kama shida ya afya badala ya shutuma: "Jirani, mimi ni mgonjwa wa presha, na daktari amenisisitiza nilale. Spika ile ikikaa upande huu, chumba changu chote hutetemeka. Naomba tusaidiane." Maneno matamu humtoa nyoka pangoni.

Ombi lililo bayana hutekelezeka kuliko lalamiko la jumla. "Punguza kelele" ni maneno yasiyo na kipimo. "Naomba spika ihamie ukuta ule mwingine, na ikifika saa 4 usiku besi ipunguzwe" ni jambo ambalo jirani anaweza kulifanya leo. Penye shughuli ya siku moja, kama harusi au msiba, uvumilivu ni sehemu ya ujirani. Anayeandaa shughuli naye hupunguza chuki akipita kuwaarifu majirani siku mbili kabla.

Kabla ya kulalamika, yafaa pia kujiuliza kelele hizo zinatoka kwa nani. Mzee anayefungulia televisheni kwa sauti ya juu huenda amepungukiwa na usikivu, na anahitaji kupimwa masikio zaidi kuliko kukaripiwa. Mtu anayeimba au kupiga kelele peke yake usiku kucha huenda anaugua akili. Mtoto mchanga anayelia hana wa kumlaumu, na mama yake amekosa usingizi kuliko wewe. Na iwapo kinachosikika ni kipigo na vilio vya kuomba msaada, hilo si suala la usingizi tena: ni dharura inayopaswa kufikishwa kwa uongozi wa mtaa na polisi, ambako kuna Dawati la Jinsia na Watoto.

Kukitengeneza chumba

Katika nyumba nyingi za Kiswahili za mijini, vyumba sita hupakana na ukumbi mmoja wa katikati, na kila chumba huwa na kaya yake. Mahali ambapo hakuna dari, au ambapo ukuta wa kugawa vyumba haufiki kwenye paa, sauti hupita juu ya ukuta kana kwamba ukuta haupo. Kuziba nafasi hiyo kwa mbao au dari husaidia kuliko kuning'iniza mapazia mazito, na ni jambo la kuzungumza na mwenye nyumba. Sehemu za kupitishia hewa zinazotazama nje zisizibwe, hasa palipo na jiko la mkaa au jenereta karibu, kwa kuwa hewa ya sumu ya ukaa huua.

Yapo pia mambo yasiyo na gharama. Sogeza kitanda kutoka kwenye ukuta unaopakana na kelele. Kabati lililojaa nguo likiegemezwa kwenye ukuta huo hupunguza kiasi cha sauti. Ziba uwazi ulio chini ya mlango kwa kitambaa kilichokunjwa. Feni, mbali na kupoza chumba, hufunika sauti ndogondogo za ghafla. Sauti nzito za besi ndizo ngumu kuzuia, kwa sababu hupenya ukuta. Dawa yake ni kuipunguza kwenye spika yenyewe.

Vizibo laini vya masikio vikivaliwa sawasawa hupunguza sauti kwa kiasi kikubwa. Vioshwe au vibadilishwe mara kwa mara, visivaliwe na mtu mwenye sikio linalotoa usaha, na asivitumie mtu aliyebaki peke yake na mtoto mchanga au mgonjwa anayemwita usiku. Pamba haizuii sauti ipasavyo, na vipande vyake huweza kukwama sikioni.

Usikimbilie vidonge

Aliyechoshwa na kelele hushawishika kununua dawa ya usingizi dukani, au kutumia dawa za mzio kwa kuwa huleta usingizi. Dawa za jamii ya diazepamu huzoeza mwili zikitumiwa kwa muda mrefu, huwaangusha wazee wanapoamka usiku, na zikichanganywa na pombe huweza kuzuia pumzi. Pombe nayo humfanya mtu asinzie haraka, lakini huuvunja usingizi katika nusu ya pili ya usiku. Zaidi ya hayo, kidonge hakiondoi kelele: spika hubaki palepale, na mgonjwa huwa na matatizo mawili badala ya moja.

Kinachosaidia zaidi ni mazoea ya kila siku. Amka saa ileile kila asubuhi, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Acha kahawa na chai ya rangi tangu alasiri. Ukiona dakika 20 hivi zimepita bila usingizi, usibaki kitandani ukihesabu nyimbo za jirani. Inuka, keti mahali penye mwanga hafifu, rudi unaposinzia. Ukikaa macho kitandani kila usiku kwa hasira, kitanda chenyewe hugeuka kuwa ishara ya kukesha, na kukosa usingizi kutaendelea hata jirani atakapohama. Hali ikidumu kwa miezi mitatu au zaidi, hiyo ni maradhi yanayotibika kwa ushauri wa kitaalamu.

Mazungumzo yanaposhindikana

Kwa Tanzania, kelele zimo katika sheria za mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitambua, na kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo zinatenganisha viwango vya mchana na vya usiku. Mlalamikaji aanze kwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha afisa mtendaji na maafisa afya na mazingira wa kata au halmashauri. Kwa baa, kumbi, nyumba za ibada na viwanda, suala linaweza kufikishwa kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Malalamiko huwa na nguvu yakiambatana na kumbukumbu ya majuma mawili inayoonyesha tarehe, saa na aina ya kelele, na yakitiwa saini na kaya kadhaa. Malalamiko ya pamoja pia humkinga mtu mmoja asionekane adui wa mtaa.

Kwa mhudumu wa afya

Shinikizo la damu lisiposhuka, degedege likirudi, au mgonjwa akiomba dawa ya usingizi, uliza mambo manne kabla ya kubadili dozi: analala saa ngapi na kuamka saa ngapi, analala wapi na pamoja na nani, ni kelele gani zinazosikika na wakati gani, na amejaribu nini kuzikabili. Majibu yaandikwe kwenye faili. Barua fupi ya kliniki inayoeleza kwamba mgonjwa anahitaji utulivu wa usiku, ikitolewa kwa ridhaa yake na bila kutaja siri zake, inaweza kuupa uzito ombi lake kwa mwenye nyumba au kwa uongozi wa mtaa.

Tuanzie pia kwetu. Mgonjwa aliyelazwa husikia simu zinazoita, viatu vinavyoburuzwa, vifaa vinavyogongana na mazungumzo ya wahudumu saa 9 usiku. Kabla ya kumfundisha mgonjwa namna ya kumwomba jirani yake utulivu, ni vema wodi yetu iwe ya kwanza kumpa.

Na mgonjwa anaposema, "Nimeshazoea," asipongezwe kwa uvumilivu wake. Apimwe shinikizo la damu, aulizwe maswali yale manne, na asaidiwe kupanga ni lini na kwa maneno gani atapiga hodi kwa jirani.